Sinema ya Mamba na Michoro ya Watoto wa Mtoni

Mhariri wa jarida letu aliniomba nieleze jinsi klabu yetu ya wanyamapori inavyotumia sinema na uchoraji kuwafundisha watoto wa shule za msingi uhifadhi wa wanyama. Nilikubali haraka haraka maana niliiona kazi rahisi: ningesema tulienda, tukaonyesha, watoto wakapiga makofi, tukarudi nyumbani. Lakini lipo jambo lililotokea kule mtoni, nanyi wengi mlilisikia nusu nusu mkiwa kwenye foleni ya githeri. Ni heri nilieleze lote, hata pale linaponitia aibu.

Kwanza ieleweke kwamba kazi hii hatukuivumbua sisi. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya kilianzishwa mwaka wa 1968, na walioanza walikuwa wanafunzi wa sekondari kama mimi na wewe. Chama hicho kimepeleka sinema mashuleni, kikaandaa mashindano ya uchoraji, na jarida lake linaitwa Komba, jina la yule mnyama mdogo wa macho makubwa ambaye usiku hulia kama mtoto mchanga. Halafu mwaka wa 1998 Simon Trevor, mtu aliyefanya kazi ya kulinda wanyama Tsavo kabla ya kushika kamera, alianzisha shirika la African Environmental Film Foundation. Kwa miaka mingi filamu za wanyama wa Afrika zilikuwa zikipigwa huku kwetu kisha zinaonyeshwa Ulaya na Marekani. Mtu anayelala huku ndovu akivunja mahindi yake nyuma ya nyumba hakuwahi kuziona, na lau angeziona asingeelewa Kizungu chake. Shirika hilo likatengeneza filamu kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa, likazipeleka vijijini bila malipo. Na mwaka wa 2019 Daktari Paula Kahumbu alikuja na kipindi cha televisheni kiitwacho Wildlife Warriors, ambamo Wakenya wenyewe ndio wanaozungumza juu ya wanyama wao. Mlezi wa klabu yetu ni mpenzi mkubwa wa kipindi hicho, na nadhani ndipo wazo letu lilipozaliwa.

Sasa tuje kwetu. Sisi wa Kanyangi hatuishi mbugani. Tsavo iko mbali kusini, na wazee wanaosimulia juu ya nzou, yaani ndovu, wanasimulia habari za ujana wao. Tulio nao ni nyani wanaong'oa mihogo, nyoka, mbiti ambaye ni fisi, na kwa wale wanaoishi chini kabisa upande wa mto Athi, kiboko na mamba. Siku ya kwanza tulipofika katika shule moja ya msingi huko chini, nilisimama mbele ya gredi ya tano nikauliza ni nani amewahi kumwona ndovu kwa macho yake. Hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Nikauliza ni nani amewahi kumwona mamba. Darasa zima likainua mikono, na wengine mikono miwili. Ningekuwa na akili timamu siku hiyo ningefunga begi la filamu za ndovu nikaanza upya. Sikufanya hivyo. Tulikuwa tumekuja na ndovu, basi ndovu tukawapa.

Kuonyesha sinema mahali kama pale kuna kazi yake, na nieleze kwa sababu huenda klabu nyingine ikataka kujaribu. Sisi ni shule ya kutwa, kwa hivyo usiku hatuwezi kwenda popote. Ni lazima tuonyeshe mchana, na mchana ni adui wa sinema. Madirisha ya darasa lile hayana vioo wala mbao. Tuliazima mablanketi kwa akina mama wa karibu tukayatundika kwa misumari na mawe. Ndani kukawa giza, lakini bati la juu lina matundu, kwa hivyo vijua vidogo vidogo vilikuwa vikitembea juu ya shuka letu jeupe kama nzi. Joto nalo, usiulize. Umeme tuliupata kwa jenereta iliyokuja nasi juu ya lori la mchanga, ikawekwa nyuma ya vyoo ili kelele yake isitushinde. Projekta na kipakatalishi ni vya mlezi wetu. Upepo ulipopenya shuka lilifura, na ndovu akaonekana kama anahema kweli. Watoto wawili waliinuka wakaenda nyuma ya shuka kutazama kama upande wa pili yapo makalio yake.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza cha puani. Dakika tano tu watoto wakaanza kuongea. Ndipo mlezi akazima sauti akanisukuma mbele akasema, "Haya, wewe eleza." Nikawa natazama picha na kueleza kwa Kiswahili, na penye ugumu nikaingiza Kikamba. Nawaambia kweli, tangu siku hiyo hatujawahi kurudisha ile sauti. Msimulizi aliye hai unaweza kumuuliza swali, naye anaweza kumwambia mwenye projekta arudishe nyuma kidogo.

Baada ya filamu niliwapa takwimu nilizokariri. Niliwaambia kwamba katika miaka ya sabini Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000, na kufikia 1989 walibaki kama 16,000 tu kwa sababu ya majangili. Kwamba mwaka huo huo Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe, na mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akateketeza tani 105. Kwamba hesabu ya mwaka wa 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini. Watoto walipiga miayo. Kijana mmoja mwembamba wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, "Dada, kwa nini hizo pembe hazikuuzwa tukanunuliwa madawati?" Darasa likacheka, lakini swali halikuwa la kuchekwa. Nikamjibu kwamba pembe ikiwa na bei sokoni, mwenye mshale naye atatafuta ya kuuza, na ndovu atakufa tena. Alisema "sawa" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajakubali. Mkumbukeni kijana huyo.

Ili kuwachangamsha, mlezi akaweka filamu fupi ya mamba. Lo! Darasa likawa hai. Filamu ile ilionyesha mambo ambayo hata sisi tulikuwa hatuyajui. Mamba jike hutoka majini akapanda ukingo wa mchanga, akachimba shimo, akataga mayai kati ya 25 na 80, akafukia. Halafu hukaa karibu miezi mitatu akilinda. Kama watoto watakuwa wa kike au wa kiume huamuliwa na joto la mchanga, jambo ambalo liliwafanya wasichana kunong'onezana sana. Watoto wakiwa tayari hulia wakiwa bado ndani ya mayai, mama akasikia, akafukua, akawabeba mdomoni, katikati ya yale meno, mpaka majini. Nilieleza kwa madoido. Niliwaambia, "Mnaona? Hata mamba ni mama." Nilijiona nimefundisha.

Nilichosahau ni kwamba sinema haina masikio. Inaonyesha tu, na kila mtu huchukua humo anachokitaka.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu wa shule ile alimpigia simu mlezi wetu. Wavulana watatu walikuwa wameteremka mtoni Jumamosi, wakatafuta ukingo wa mchanga kama ule waliouona kwenye shuka, wakasoma mburuzo wa tumbo la mamba mchangani kama tulivyowaonyesha, wakachimba kwa kijiti, na wakapata. Walivunja mayai thelathini na mawili, kwa hesabu yao wenyewe. Walipokuwa kwenye hayo ya mwisho mamba jike akatoka majini. Walitimua mbio wakaacha ndara moja na kijiti. Lau mmoja wao angejikwaa, jarida hili lingekuwa na tanzia na si makala.

Kiongozi wao alikuwa yule kijana mwembamba wa madawati.

Sikulala usiku ule. Ramani ya kufika kwenye lile shimo niliichora mimi kwa mdomo wangu. Tuliporudi Ijumaa iliyofuata, mwalimu mkuu alikuwa amewaita wale watatu ofisini na wazazi wao wamearifiwa. Alitaka tuwahutubie juu ya ubaya wa kuharibu mali ya asili. Mlezi wetu, ambaye hufundisha pia sanaa, aliomba kwanza tupewe nusu saa na darasa zima na karatasi. Hatukuwa na karatasi za kutosha. Tukapasua mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo. Kalamu za rangi zilikuwa pakiti mbili kwa watoto arobaini. Waliobaki walitumia makaa kwa rangi nyeusi, udongo wa tofali kwa nyekundu, na majani ya mkunde wakiyasugua kwa kijani. Mlezi alisema neno moja tu: "Choreni mto." Hakusema mamba wala wanyama.

Msomaji, nilipita kati ya madawati na ile sauti yangu ya usimulizi ikanikauka kooni. Karibu kila mchoro ulikuwa na mtungi wa plastiki wa manjano. Karibu kila mchoro ulikuwa na mtu ameinama. Msichana mmoja alichora njia tatu za kuteremkia majini na akaweka msalaba kwenye moja. Nilipomuuliza akasema hapo mbuzi wao wawili walichukuliwa. Mwingine alichora viboko wakiwa shambani usiku na baba yake akipiga debe. Na kijana wetu wa mayai alichora mamba mmoja mkubwa kwa makaa, kajaza karatasi kutoka pembe hadi pembe, mweusi tititi, na mdomoni mwake mguu wenye kiatu cha mpira. Mwanamke mwenyewe hakuchorwa. Nikauliza, kwa ujinga wangu, "Huu ni mguu wa nani?"

Akasema, "Wa mama."

Mama yake alishikwa akiteka maji. Majirani walimnyang'anya mamba kwa mapanga na mawe, mama akapona, lakini goti halikunji tena na maji sasa huteka huyo mtoto kabla ya kuja shule. Huyo ndiye niliyemwambia hata mamba ni mama.

Hapa ndipo nilipojifunza kazi ya uchoraji katika somo hili. Wengi wetu tunafikiri mchoro huja mwisho, baada ya sinema, kama mazoezi ya kuona kama mtoto ameelewa: chora ndovu, andika chini HIFADHI WANYAMA WETU, tubandike ukutani mgeni aone. Hata mashindano mengi huwa hivyo, na washindi huwa wale waliochora vizuri ndovu wasiowahi kumwona. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kusimama mbele ya wageni aseme, "Mimi nina hasira na mnyama mnayempenda, kwa sababu hii na hii." Mpe makaa na mfuko wa saruji, atakwambia. Kwa hivyo uchoraji yafaa uje kwanza. Mwalimu akishaona michoro, ndipo ajue aonyeshe filamu ipi, na penye mambo gani anyamaze.

Nilimweleza babu mambo haya jioni. Yeye hakushangaa. Aliniambia, "Mnawafundisha watoto kumpenda mnyama wa serikali." Nikamuuliza ana maana gani, tukaketi mpaka moto ukazima. Wakamba wamekuwa wawindaji tangu jadi, na katika karne ya kumi na tisa misafara yao ya pembe ilikuwa ikienda hadi Mombasa. Yule Kivoi wa Kitui tunayemsoma kwenye historia, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1849, alikuwa tajiri wa biashara hiyo hiyo. Mwaka wa 1948 mbuga ya Tsavo ikatengwa, na nyika ambayo Wakamba, Wataita na Wawaata walikuwa wakiwinda ikawa marufuku kwao, huku wageni wenye leseni wakiruhusiwa kuwinda katika maeneo mengine ya nchi. Aliyekuwa mwindaji akaitwa jangili. Uwindaji wa kila mtu ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, lakini kufikia hapo, alisema babu, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuona kwamba mnyama ana mwenyewe na mwenyewe huyo haishi hapa. Sikubaliani na babu katika kila jambo. Satao, ndovu mkubwa wa Tsavo ambaye pembe zake zilikuwa karibu kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu mwaka wa 2014, na aliyepiga mshale ule hakuwa akitafuta kitoweo cha watoto. Hata hivyo nilianza kuelewa lile "sawa" la kijana wa dawati la nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo sinema zetu hazikulisema, nalo ni sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa kwenye orodha yake, familia ilipwe shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Akijeruhiwa vinginevyo, hadi milioni 2. Mamba yumo. Mama wa kijana alijaza fomu, akapeleka barua ya daktari, na huu ni mwaka wa tatu anaambiwa arudi baadaye. Mimi ni mtoto wa shule, sijui makabati ya ofisini yanavyofunguliwa. Ninachojua ni kwamba huwezi kusimama mbele ya watoto wa nyumba hiyo ukasema wanyama ni utajiri wetu sote, ukapita.

Basi tulirudi tukapanga upya. Tulibandika michoro yote ya mto ukutani, tukawaambia watoto wasimame mbele yake waonyeshane kwa vidole. Ile misalaba na zile njia tukazihamisha kwenye karatasi moja kubwa. Ikawa ramani: hapa mbuzi wawili, hapa mama, hapa kiboko hupitia, hapa maji ni ya kina kifupi na mchanga unaonekana. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliisimamia ile ramani kwa muda mrefu, kisha akasema huko kwa akina mjomba wake watu hutekea maji ndani ya boma la miiba lililojengwa majini, miti imekitwa chini na matawi ya miiba yamefumwa kati yake, mamba hapenyi. Jambo hilo halikutoka kwenye sinema yoyote. Lilitoka kwa mtu mzima aliyeona mchoro wa mtoto.

Halafu ndipo tukaonyesha ile filamu ya mamba mara ya pili. Safari hii nilisimulia nikiwa na akili. Tuliposimamisha picha ile ya mamba akingoja, macho na pua tu juu ya maji, niliwauliza, "Yuko wapi?" Ikachukua muda mtoto wa kwanza kumwona. Wakajifunza kwamba hungoja pale pale mtu anaporudi kila siku, kwa hivyo kubadilisha mahali na saa ni kinga. Kwamba kipindi anacholinda mayai ndipo ana hasira zaidi, na ukingo wenye mburuzo ni wa kuachwa kabisa. Yaani maarifa yale yale yaliyowapeleka shimoni sasa yakawa ya kuwaepusha. Niliwaambia pia filamu hutengenezwaje: mpiga picha hujificha siku nyingi na lenzi ndefu, akapata dakika chache, kisha wakata picha huziunga zikawa kana kwamba kila kitu kilitokea asubuhi moja. Yule kijana aliuliza kama mpiga picha aliwahi kuumwa. Nikasema sijui. Akasema, "Wangemwonyesha na yeye."

Jumamosi mbili baadaye mjomba wangu alikuja nasi. Yeye ni mchongaji. Wengi mnajua kwamba uchongaji wa vinyago vya kuuza ulienezwa Ukambani na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, aliyeujifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na kwamba leo twiga na ndovu wa mbao walioko madukani Mombasa na Nairobi, wengi wao wamepita mikononi mwa Wakamba. Mjomba amechonga mamia ya ndovu, naye pia hajawahi kumkaribia ndovu hai; alijifunza umbo kwa kinyago cha mwenzake. Watoto walifurahi mno kusikia hivyo. Lakini aliwaambia jambo lililowafikia kuliko takwimu zangu zote. Alipoanza kazi walichonga mhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri. Waliukata bila kupanda, mhugu ukawa haba na bei ikapanda, hadi wachongaji wengi wakahamia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua haraka na inayopatikana mashambani. "Tulimaliza mti tukiuchonga kuwa mnyama," alisema, akaendelea kupiga tezo. Watoto wakamwomba awachongee mamba. Akawapa vipande vya mwarobaini wajaribu wenyewe, na vidole viwili vikakatika kidogo, tukafunga kwa kitambaa.

Boma la miiba lilijengwa. Wazee walikata miti, akina mama wakaleta uji, sisi wa klabu tulibeba matawi na tukachomwa vya kutosha. Mafuriko yakija huenda likabebwa, maana Athi ukijaa hauchagui. Njia ya kuteremkia pale mbuzi walipochukuliwa imewekewa ubao uliochorwa na watoto: mamba wa makaa, mweusi, kwa mkono ule ule. Mwalimu mkuu alipendekeza wamchore akitabasamu kidogo, asiwatishe wadogo. Watoto wakakataa katakata.

Mlezi wetu aliwaachia watatu wale waliovunja mayai simu yake kwa alasiri moja ili nao wapige sinema yao. Nilikuwepo. Waligombana kwanza nani ashike, kisha wakagawana: mmoja picha, mmoja kuuliza maswali, mmoja kufukuza mbuzi wasipite mbele. Wamepiga boma, wamepiga mama akiketi juu ya jiwe akieleza ilivyokuwa siku ile, kwa Kikamba, polepole, huku akikanda goti lake. Wamepiga ukingo wa mchanga kutoka mbali, ng'ambo ya pili, ambako palikuwa na mburuzo mpya. Mwishoni yule mwembamba anasikika akisema tusikaribie, ana mayai.

Filamu nzima ni dakika nne na ushee. Mamba haonekani hata mara moja. Tuliionyesha kwenye shuka lile lile siku ya kufunga muhula, wazazi wakiwemo, na watu wote walikuwa wakiyatazama maji yaliyo nyuma ya mama. Muhula ujao tutaipeleka shule nyingine upande wa juu, ambako tatizo lao ni nyani. Karatasi za saruji tumekwisha kukusanya, na anayeweza kutuazima mablanketi amwone mlezi wa klabu au mimi mwenyewe.